Vifundo vitatu

Nimeamua. Kuanzia wiki hii mkono wangu wa kushoto utakaa juu ya fimbo kiasi kwamba nikitazama chini naona vifundo vitatu vya vidole, na sitaubadilisha mpaka mvua za masika zipite. Nataka sababu zake ziwe hapa kwa maandishi, maana kwenye gofu asiyejua kwa nini anashika fimbo anavyoshika hushikishwa upya na kila rafiki anayepita nyuma yake uwanjani.

Kwa msomaji anayeanza: vifundo hivyo ndivyo kipimo chenyewe. (Nazungumzia anayepiga kwa mkono wa kulia, wa mkono wa kushoto ageuze kila kitu.) Ukiona vifundo viwili, au viwili na nusu, huo ni mshiko wa kati. Vitatu au zaidi ni mshiko wa nguvu, yaani mikono imezungushwa juu ya fimbo kuelekea kulia. Kimoja, au usipoona hata kimoja, ni mshiko dhaifu. Tazama pia ile V inayojichora kati ya kidole gumba na cha shahada. Kwenye mshiko wa nguvu inaelekea bega la kulia, kwenye wa kati inapita baina ya bega hilo na sikio, kwenye dhaifu inaelekea kidevuni. Kubana hakumo kabisa. Mshiko wa nguvu unaweza kuwa na vidole vilivyotulia, na inafaa uwe hivyo.

Yote hayo ni kwa ajili ya uso wa fimbo, yaani sehemu inayogonga mpira. Unapopiga kwa kasi, mikono hutaka kurudi inavyoning'inia kwa kawaida. Kama uliizungusha kulia, ikirudi inaufunga uso na mpira unaelekea kushoto. Kama uliizungusha kushoto, inauacha wazi na mpira unakata kulia. Vipimo vya rada vimeonyesha kwamba uso ndio unaoamua sehemu kubwa ya mwelekeo wa kwanza wa mpira, takriban asilimia 75 kwa aiani (fimbo za chuma) na 85 kwa draiva (fimbo ndefu ya kupigia mbali). Mpira wangu wa draiva huanza kulia kidogo, kisha unaendelea kukata huko huko mpaka kwenye miti.

Mwalimu wangu anapenda mshiko wa kati, na hoja yake ni nzuri: hauegemei upande wowote, kwa hiyo kosa lolote la swingi, yaani mzunguko wa kupiga, linajionyesha wazi. Kedi wangu, mzee aliyebeba mifuko ya fimbo za wachezaji tangu ujana wake, hakubishana naye. Alisubiri tubaki wawili tu, akaniambia, “Madam, weka fimbo chini. Simama tu, legeza mikono.” Nikalegeza. “Sasa angalia mkono wa kushoto.” Kiganja kilikuwa kimegeukia nyuma, karibu na paja, na vifundo vitatu vilikuwa vinanitazama. “Huo ndio mkono wako,” akasema, akaokota fimbo, akaifuta kwa taulo na kunirudishia.

Kuna watu ambao mikono yao ikining'inia viganja vinatazamana. Hao mshiko wa kati utawakaa bila kulazimishwa. Kuwaiga kwa sababu tu wanapiga vizuri hakunisaidii mimi.

Jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha ni kwamba mshiko hauchaguliwi peke yake. Unauchagua pamoja na kazi utakayoupa mwili. Ben Hogan, mchezaji mashuhuri wa Marekani, alisumbuliwa miaka mingi na mpira uliokata kushoto kwa ghafla, akaupeleka mkono wake upande wa udhaifu, na kati ya 1948 na 1953 akashinda U.S. Open, mashindano makubwa ya Marekani, mara nne. Wapigaji wengi wa wikendi humfuata Hogan wakiwa na ugonjwa ulio kinyume na wake, mpira unaokwenda kulia, na dawa hiyo inauzidisha. Paul Azinger alishika kwa nguvu kupita karibu kila mtu wa enzi zake, akashinda PGA Championship ya 1993. David Duval naye, mwenye mshiko wa nguvu, alishinda The Open, ile ya Uingereza, ya 2001. Ukimtazama Azinger unaona siri: mwili wake haukusimama. Nyonga na kifua viliendelea kugeuka, mikono ikavutwa tu, uso haukupata nafasi ya kujifunga. Jon Rahm yuko upande wa pili, mshiko wake unaelekea udhaifu, lakini kifundo cha mkono wake wa kushoto kimejikunja fimbo ikiwa juu kabisa, kiasi kwamba uso umeshafungwa kabla hajaanza kushuka. Kila mmoja ana deni lake na anajua anavyolilipa.

Deni la mshiko wangu mpya ni kugeuka. Nikisimamisha kifua na kuiacha mikono ipinduke yenyewe, mpira utakwenda kushoto, chini na mbali, na huko hakuna rafiki. Nalikubali deni hilo kwa sababu kugeuka naweza kufanyia mazoezi. Kuipindua mikono kwa wakati kamili, kama mshiko dhaifu unavyodai, kunahitaji kuhisi sehemu ndogo sana ya sekunde, na mimi sina saa nyingi hivyo za mazoezi kwa wiki.

Kinachonitia wasiwasi ni nyasi. Viwanja vyetu vya nyanda za juu, Nairobi na kandokando yake, vina nyasi za Kikuyu, nene na zenye mashina yanayotambaa. Mpira ukizama humo, nyasi hujifunga kwenye shingo ya fimbo na kuupindua uso kushoto kabla haujafika kwenye mpira. Mwenye mshiko wa nguvu anaumia zaidi, maana uso wake tayari unapenda kwenda huko. Kwa hiyo humo nitaufungua uso kidogo kwanza, kisha nishike. Nikishika kwanza halafu nikazungusha mikono, nitakuwa nimebadilisha mshiko bila kujua. Kwenye banka, yaani shimo la mchanga, ni vivyo hivyo. Kwa puta, fimbo ya kuusukuma mpira shimoni, nashika tofauti kabisa, viganja vikitazamana, na sitaki kugusa hapo.

Glavu nayo nitaichunguza. Ile ya zamani imetoboka kwenye nyama ya kiganja, chini ya kidole kidogo, dalili kwamba fimbo ilikuwa inalala kiganjani na kusugua. Sasa nailaza kwenye vidole, kutoka chini ya kidole kidogo mpaka kiungo cha kati cha kidole cha shahada, na nyama ya kiganja inakaa juu yake. Bila hivyo, vifundo vitatu ni maonyesho tu, kwani fimbo itazunguka mkononi.

Mipira ya kwanza kwa mshiko huu iliniudhi, na nilijua itaniudhi. Mkono ulihisi kama wa mtu mwingine. Kedi nimemwomba Jumamosi asiniangalie mikono hata kidogo. Atazame vifungo vya shati langu, aniambie kama vimefika upande wa shimo baada ya mpira kuondoka.