Moyo mzito unaorudi baada ya kikao cha hipnosisi: jinsi tulivyotatua

Tatizo lilikuwa hili: mtu anatoka kwenye kikao cha hipnosisi (kuongozwa kwa maneno hadi akili itulie na kuzama kwenye jambo moja) ametulia, uso umekunjuka, lakini kesho yake yuko kitandani hadi saa 5 akirudia mawazo yale yale. Kosa lilikuwa kwenye maneno anayoambiwa kikaoni. "Utajisikia vizuri" haina pa kushika, na utulivu mtupu humwachia mwenye moyo mzito nafasi zaidi ya kuwaza.

Tukabadilisha kauli. Dakika 5 za kupumua, ndani kwa hesabu 4, nje kwa 6. Kisha kuhesabu kutoka 10 hadi 1. Akishazama (hajalala, anasikia kila kitu) anaongozwa kuona tendo moja dogo: saa 1 asubuhi nyayo zinagusa sakafu ya baridi, anavaa kandambili, anafungua dirisha, anatoka nje dakika 10. Analirudia mara 3, kisha anaamshwa kwa kuhesabu 1 hadi 5. Likimshinda nyumbani, lipunguzwe. Hata dirisha pekee linatosha kuanzia.

Hipnosisi huongezwa juu ya matibabu, haichukui nafasi ya dawa. Anayesikia sauti zisizokuwepo asifanyiwe. Huzuni ikidumu wiki 2, amwone daktari. Mawazo ya kujiua, hospitali siku hiyo hiyo.