Kitone cha waridi ndani ya tundu: siku yangu moja maabara

Saa 11 alfajiri. Morogoro bado giza, na Uluguru haionekani kwa ukungu. Naingia machinjioni na ndoo yangu yenye kifuniko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Shingo yako nimeiweka kando."

Wachinjaji wengi hupasua uti wa mgongo katikati kwa shoka, na shoka likishapita hapo mimi sina kazi tena. Ninachokitafuta ni mfereji usiofika hata milimita moja upana, unaopita katikati kabisa ya ugwe mgongo, ile kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo. Mzee huyu huniachia shingo nzima ya mbuzi, kisha tunafungua pingili moja baada ya nyingine taratibu, mpaka ugwe unatokea, mweupe, laini kama parachichi lililoiva. Nachana utando wa nje kwa mkasi ili dawa ipenye, naulaza mzima ndani ya fomalini ya asilimia 10, dawa ya kuzuia usioze. Siukati. Mwaka jana nilikuwa nikikata vipande pale pale ili dawa iingie haraka, na kwa miezi kadhaa mifereji yangu yote ilitoka mitupu, bila kile nilichotaka kukiona ndani yake.

Kuwahi nako ni lazima. Ukichelewa saa chache kwenye joto letu, seli zinazotandika mfereji hubanduka na kuelea katikati kama maganda.

Saa 2 asubuhi. Nakaa kwenye mikrotomu, mashine ya kukata vipande vyembamba sana, na kipande cha mbuzi wa mwezi uliopita, ambacho kimeshapita kwenye alkoholi ya kuondoa maji na zailini ya kuondoa alkoholi, na sasa kimezama ndani ya nta. Nakipoza kwenye barafu, kisha naanza kuzungusha mkono wa mashine. Mikroni 5 kwa kila mkato, yaani sehemu tano za elfu za milimita. Vipande vinatoka vimeshikana, kimoja nyuma ya kingine, kama utepe. Nauinua utepe kwa brashi, naulaza juu ya maji ya vuguvugu, nao unajinyoosha wenyewe. Leo sichagui kipande kizuri na kutupa vingine. Nazoa vyote kwa mpangilio wake na kuandika namba kwenye slaidi, vile vioo vya hadubini, kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka kwenye alkoholi.

Saa 4 rangi: hematoksilini ya bluu, maji ya bomba, eosini ya waridi. Hapa mikono inafanya kazi yenyewe.

Saa 6 mchana. Hadubini. Kwa lenzi ndogo naona kipepeo wa kijivu aliyezungukwa na weupe, na mahali mabawa yanapokutana kuna tundu. Hilo tundu ni mabaki ya neli ambayo ugwe wote ulianzia tumboni mwa mama. Kwa juu limeungana na chemba ya nne ya ubongo, na maji ya ubongo hupita humo. Mfereji wa binadamu aliyekomaa mara nyingi huwa umeziba hapa na pale. Wa mbuzi uko wazi.

Naongeza ukuzaji. Seli za ependima, zile zinazotandika mfereji, zimesimama bega kwa bega kama safu ya waumini, vichwa vyote vikielekea ndani ya mfereji. Ni safu moja, ila viini havikai kimo kimoja, ndiyo maana mgeni huhesabu mbili. Kwenye ukingo wa ndani kuna ukungu mwembamba wa waridi, nao ni silia, vinyweleo vinavyopigapiga maji. Naweza kuziangalia seli hizi kutwa nzima. Mwaka 2008 watafiti wa Sweden walionyesha kwa panya kwamba ugwe ukijeruhiwa, seli hizi zilizotulia miaka yote huamka, hugawanyika, na kutoa seli za kovu pamoja na chache zinazotengeneza mayelini, ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva.

Saa 8. Wanafunzi wanaingia kuchora. Mmoja anainua kichwa.

"Mama, slaidi hii ina uchafu. Kuna kitone cha waridi ndani ya tundu. Nikiache nisikichore?"

Moyo umenidunda, maana hicho ndicho nilichokitafuta tangu mwaka jana.

"Weka slaidi inayofuata."

Anaweka. Kitone kipo. Ya tatu, kipo. Ya nne kimesogea kidogo kuelekea ukutani, lakini ni kilekile, mviringo, ukubwa uleule. Uchafu huanguka popote. Hauwezi kuanguka mahali pamoja mara nne.

Nikawaeleza. Ni uzi wa Reissner, uliopewa jina la Ernst Reissner, aliyeueleza mwaka 1860. Kuna waliodhani ni kasoro ya utayarishaji tu. Hufumwa kwa protini yenye sukari inayotolewa na kiungo kidogo kilicho ndani ya ubongo, kisha hushuka ndani ya maji, mfereji mzima, hadi mwisho wa ugwe. Binadamu mtu mzima hana uzi huu. Mbuzi anao, ng'ombe anao. Na umevutwa, kama kamba ya kuanikia nguo: ukikata ugwe ungali mbichi, ncha zake hurudi nyuma na kujikunja, na kipande chako kinabaki na tundu tupu. Ndivyo nilivyojiharibia mwaka jana kwa kisu changu mwenyewe.

"Kwa hiyo nikichore?"

"Kichore. Na uandike namba ya slaidi."

Saa 10 jioni wameondoka. Natenga slaidi sita zisizopakwa rangi kwa ajili ya rangi nyingine, aldehidi fuksini, kesho, maana ikiwa kweli ni uzi huo, kitone kitageuka zambarau. Kisha namwaga fomalini ya asubuhi, iliyochafuka kwa damu, na kumimina mpya, mara kumi ya ujazo wa ugwe. Naandika tarehe kwenye kifuniko, na chini yake kwa herufi kubwa: USIKATE.