Boljointi Iliyonipeleka Gerezani

Kelele ilianza wakati wa masika, barabara yetu ya Kimara Bonyokwa, Dar es Salaam, ilipochimbika mifereji mpaka abiria wa bodaboda wakawa wanashuka kupunguza uzito. Kila tairi la mbele kushoto likidumbukia shimoni, chini kunajibu: ko! ko! Mke wangu akawa anaongeza sauti ya redio. Gari lenyewe ni Corolla 110 ya mwaka 1998, lilizeekea Japani likaja kuteseka kwetu, na mimi ni mtu wa tatu kulimiliki hapa mjini.

Fundi wa kwanza alibonyeza boneti kwa mikono miwili, gari likashuka likapanda, akapiga makofi kufuta vumbi. "Bosi, shokapu hizo. Mbili za mbele, laki mbili na themanini, ufundi hamsini." Hakuinama. Hakulinyanyua. Nikamwambia nitarudi, na yeye akajua sirudi.

Kilichonitia shaka ni alichokifanya mwenyewe. Shokapu iliyokufa ukiibonyeza gari linadundadunda mara mbili tatu kabla ya kutulia. Langu lilipanda mara moja likatulia. Sasa shokapu inaponaje kwa kuibonyeza halafu ife kwenye shimo?

Jumamosi iliyofuata nikaamua kutafuta mwenyewe. Uwanja wetu ni mchanga, na hapo ndipo nilipopata somo la kwanza. Niliweka jeki, nikapiga, gari likanyanyuka kama sentimita kumi, halafu jeki ikaanza kulala taratibu kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Bahati yangu tairi lilikuwa bado halijafunguliwa na sikuwa nimeingiza hata mkono chini. Nilishusha, nikaenda kutafuta ubao wa inchi mbili wa kuweka chini ya jeki, na kabla ya kununua spea hata moja nikanunua stendi mbili za chuma kwa elfu sabini. Nimeona watu wanapandisha gari juu ya tofali za bloku. Bloku ikipasuka haikupi taarifa. Nyuma nikazuia matairi kwa mawe pande zote na kuvuta hendibreki.

Kutafuta kelele kunahitaji watu wawili. Kijana wa jirani alishika tairi juu na chini akawa anasukuma na kuvuta, mimi nikiwa ubavuni na tochi, kidole kimegusa pale boljointi, kiungo kinachozunguka chini ya gurudumu, inapoungana na amu, mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini. Nikasikia "tik" kwenye kidole kabla sijaisikia kwa sikio. Akashika kushoto na kulia, ambako huwa unapima tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza tairi: kimya. Halafu nikapitisha nondo chini ya tairi na kulinyanyua kidogo, boljointi ikacheza wazi. Linki ya stebilaiza, ile nondo inayozuia gari kulala kwenye kona, ya upande huohuo nilipoitikisa kwa mkono ilicheza kabisa. Bushi za amu, mipira ya pale inapofungwa kwenye bodi, zilikuwa zimepasuka, mpira umeachana na chuma. Na shokapu? Kavu, haina tone la mafuta.

Ijumaa ya wiki iliyofuata jioni nilimwagia boliti zote dawa ya kutu zikalala nayo. Asubuhi nikalegeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini, kwa sababu likiwa juu tairi linazunguka nawe. Nikanyanyua pande zote mbili za mbele. Hili la pande zote si ubishoo: ukinyanyua upande mmoja tu, stebilaiza inajisokota na linki inabanwa, unaweza kupigana nayo saa nzima. Zikiwa sawa, linki inatoka kwa hiari. Nati yake ukiizungusha na pini inazunguka pamoja nayo, ndiyo maana katikati kuna tundu la alenki, ufunguo wa pembe sita. Unashika kwa alenki, unafungua kwa spana.

Boljointi kwenye Corolla hii imefungwa kwenye amu kwa boliti moja na nati mbili, namba 17. Zilitoka kwa bomba la kurefusha mkono wa spana na maneno machache ambayo kijana wa jirani hakupaswa kuyasikia. Kazi ilikuwa kule juu, pini yake inapoingia kwenye chuma kinachobeba gurudumu. Pini ile ni nyembamba mbele na nene nyuma, ikishakaa miaka inashikana kama imechomelewa. Watu wengi wanapiga nyundo ncha ya pini, nyuzi zinaharibika na pini haijatoka. Nilichofanya ni kulegeza nati bila kuitoa, kisha kupiga ubavu wa kile chuma, pale kwenye tundu pini ilipopita, huku nyundo nyingine nzito ikiegemea upande wa pili. Pigo la kumi na kitu: pah! Pini ikajiachia yenyewe, na nati ikaizuia isije kunipiga.

Niliishika mkononi nikaitazama. Kava la mpira limechanika nusu, grisi imechanganyika na mchanga wa Bonyokwa ikawa kama uji wa ulezi ulioungua. Nilipoisimamisha, pini ikaanguka upande kwa uzito wake, kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Boljointi mpya huwezi kuizungusha kwa vidole viwili.

Mambo mawili nilikaribia kuyakosea. Boljointi ikishatoka, lile chuma la gurudumu linaning'inia na linaweza kuvuta ekseli itoke kwenye gia boksi, au kuning'inia kwa mpira wa breki. Nililifunga kwa kamba ya manila kwenye springi. La pili ni nati kubwa ya katikati juu ya shokapu, ile inayoonekana ukifungua boneti. Hiyo usiiguse kabisa bila kibano cha springi. Springi ile imekandamizwa, ikiruka inaua mtu.

Bushi huwezi kuzitoa nyumbani kwa nyundo, labda uwe unatafuta kuharibu amu. Zinataka presi, mashine ya kukandamiza. Basi nikatoa amu zote mbili, nikazichora kwa msumari kuonyesha bushi ilivyokaa, maana ikikaa kichwa chini haifanyi kazi yake. Nikatia kila kitu kwenye kiroba na kwenda kupanda mwendokasi Kimara. Abiria aliyekaa pembeni yangu aliangalia kiroba, akanusa mafuta, akahama kiti. Njiani mama akapiga simu. "Uko wapi, mwanangu?" Nikasema naenda Gerezani. Kimya. Ilibidi nieleze haraka kwamba ni Gerezani ya Kariakoo, kwenye spea.

Ukienda kule bila kitu cha zamani mkononi, umejipeleka mwenyewe. Corolla za miaka ile zinafanana kwa macho, na muuzaji akikuuliza "ni mia na kumi ipi, kaka?" ukajibu "nyeupe," ameshakujua. Niliweka ya kwangu kwenye kaunta tukapima unene wa pini na nafasi za matundu. Akatoa ya elfu kumi na tano, ya elfu arobaini na tano, na ya mtumba kutoka Japani iliyofutwa ikang'aa. Mtumba nanunua: mlango, taa, hata injini. Lakini boljointi ya mtumba ni mpira uliozeeka na grisi ya mtu mwingine, umri wake hujui. Ile ya elfu kumi na tano kava lake lilikuwa jepesi kama puto. Nikachukua mbili za elfu arobaini na tano kila moja. Linki mbili elfu arobaini, bushi nne elfu arobaini na nane, na jamaa wa presi akataka elfu ishirini kwa zote nne. Alikuwa anafanya kazi huku anabishana kuhusu Simba na Yanga, lakini michoro yangu ya msumari aliifuata.

Kurudisha ni rahisi kuliko kutoa, na ndiyo maana nilikosea. Jioni nikiwa nimeshakaza kila kitu, nasubiri tu kuweka tairi, alipita mzee wa nyumba ya tatu, dereva wa malori mstaafu. Nikamwamkia, akaitikia, akachungulia.

"Hizo boliti za amu umezikaza gari likiwa hewani?"

"Ndiyo, mzee."

"Zilegeze."

Akanieleza huku ameegemea fimbo. Bushi haizungukii boliti. Mpira umegandana na chuma cha nje na cha ndani, na amu ikipanda na kushuka mpira ndio unaojipinda. Ukikaza amu ikiwa imening'inia, ukishusha gari mpira unaanza maisha ukiwa umeshasokotwa, na utachanika mapema sana. Tukaweka jeki chini ya amu, karibu na boljointi, tukapandisha mpaka springi ikabeba uzito na gari likataka kuachana na stendi. Hapo ndipo tukakaza. Video nilizozitazama wiki nzima ziliruka kipande hicho. Nilimtumia mzee soda, akasema angependa chai.

Nati za magurudumu nilikaza kwa mpangilio wa msalaba, moja kisha ya upande wa pili, siyo kwa kuzunguka, na nikarudia baada ya siku mbili. Alaimenti, yaani kunyoosha uelekeo wa matairi, nilifanya Jumatatu kwa elfu ishirini na tano, kwenye duka moja Barabara ya Morogoro. Usukani ulikuwa umelala kulia kidogo, fundi wa pale akaunyoosha. Jumla, bila stendi, laki mbili na elfu ishirini na tatu, na ile "ko ko" imekwisha. Kwenye tuta la karibu na nyumbani sasa nasikia tu matairi yakishuka.

Wiki hii nilipokuwa naosha gari niliona shokapu ya kushoto imeanza kutoa jasho la mafuta, unyevu mwembamba wenye vumbi limegandia, kama upana wa vidole viwili. Nimeifuta na kuweka alama ya chaki chini yake. Nikikuta mafuta yameivuka chaki, itabidi nirudi Gerezani.