Mama wa bibi yangu kwenye kitabu cha ubatizo

Usiku wa sensa ya 2022, ile ya tarehe 23 Agosti, mimi nilikuwa kijijini Bukoba kwa bibi. Kesho yake karani akaja na kishikwambi chake, binti mdogo mwenye adabu sana, akakaa kwenye kigoda akaanza maswali, mkuu wa kaya nani, wangapi mlilala hapa, na alipofika kwenye umri wa bibi ndo tukakwama. Kitambulisho kinasema 1 Januari 1932. Bibi akasema hapana hiyo tarehe waliniwekea tu, mimi mama yangu alikuwa anasema kuna mtoto wa nzige, yaani aliyezaliwa wakati wa nzige, nadhani ni mimi. Karani akaandika alichoandika akaaga, ila mimi lile neno "nadhani" lilinikaa. Mtu amezaa watoto tisa, ana wajukuu hadi vitukuu, halafu anadhani tu amezaliwa lini.

Nikamuuliza jioni ile, mama yako alitoka ukoo gani? Akaniambia alikuwa anaitwa Anastazia, alitoka ng'ambo kule, ukoo wake sikumbuki vizuri nilikuwa mdogo alipokufa. Basi. Kwa upande wa baba yake bibi, wazee wanakutajia majina saba nane kurudi nyuma bila kupumua, fulani mwana wa fulani mwana wa fulani, na muziro wao, yaani mwiko wa ukoo, wanaujua, na kaburi liko palepale kwenye kibanja chini ya migomba. Upande wa mama ni jina moja la Kizungu na "ng'ambo kule". Ndivyo tulivyo Wahaya na makabila mengi tu, mtoto ni wa ukoo wa baba, kwahiyo ukisimuliwa ukoo unasimuliwa wanaume. Sikulala vizuri. Niliamua namtafuta huyu Anastazia.

Kosa langu la kwanza nilianzia mbali. Niliporudi Dar nikaenda Kumbukumbu za Taifa nikiwa na wazo kwamba kama Waingereza walihesabu watu 1931 na 1948 na 1957, lazima kuna makaratasi yenye majina ya watu. Nimekaa pale siku tatu. Ninachoweza kukuambia ili usipoteze nauli yako ni kwamba sensa zetu zinakupa hesabu, hazikupi mtu. Unapata majedwali, wilaya hii wanaume kadhaa wanawake kadhaa, kabila hili, na sensa ya 1921 kwa sisi Waafrika ilikuwa ni kuhesabiwa kimafungu kupitia machifu na maofisa. Hata hizi za baada ya uhuru, kuanzia 1967 tulipokuwa milioni 12 na kitu, dodoso la kaya yako ni siri kisheria na watu wanapewa jumla tu. Wenzetu Uingereza wanaweza kufungua fomu ya 1921 wakaona babu yao aliishi mtaa gani na alikuwa fundi wa nini, sisi kwa hilo sahau. Vitabu vya kodi navyo ni habari za wanaume, mwanamke anatokea kama nyumba, yaani mwenye wake wawili analipia nyumba mbili, mke wa pili ni nyumba ya pili ya kodi, jina lake halina kazi pale. Kilichonisaidia kidogo ni kitabu cha wilaya, vile vitabu maofisa wa kikoloni walikuwa wanajaza habari za koo na watawala na mipaka, lakini Anastazia hayumo na asingekuwemo.

Aliyenifungua macho ni katekista mmoja mstaafu, mzee wa jirani. Akaniuliza, bibi yako alifunga ndoa kanisani? Ndiyo. Sasa unahangaika nini Dar, nenda parokia, kwenye cheti chake cha ndoa kuna namba ya ubatizo, ile namba ndo mlango.

Kwa wasiojua hii historia, kule kwetu Ukatoliki uliingia Desemba 1892 pale Kashozi, na Mapadre Weupe, wale wamisionari wa Kikatoliki, walikuja kutokea Buganda baada ya zile vurugu za Mengo, mapigano ya Wakatoliki na Waprotestanti kwenye makao ya Kabaka, za Januari mwaka huohuo, wakiwa na Askofu Hirth na Waganda Wakatoliki waliokimbia pamoja nao. Ndo maana ukisoma vitabu vya mwanzo mwanzo unakuta wasimamizi wa ubatizo wana majina ya Kiganda, na hata matamshi ya majina ya watakatifu tuliyapokea kwa mdomo wa Kiganda. Hawa mapadre walikuwa na utaratibu mkali kidogo, mtu mzima hakubatizwa akiomba tu, alikaa mafundishoni miaka minne, kwanza medali, halafu ukatekumeni, halafu ndo ubatizo. Na kila kituo kilitakiwa kuandika shajara ya kila siku, agizo la Kardinali Lavigerie mwenyewe, mwanzilishi wa shirika lao, mvua imenyesha, fulani amekufa, chifu ametuma watu, kwa Kifaransa. Kwahiyo ndugu yangu kama ukoo wako uligusana na misheni yao ujue kuna watu walikuwa wanaandika kila siku jioni wakati babu zetu wamekaa wanakunywa lubisi, pombe ya ndizi.

Nikarudi Bukoba Desemba. Parokia yenyewe sitaitaja maana paroko alinikubalia kwa wema wake na sitaki apangiwe foleni. Nilienda na barua ya jumuiya, na cheti cha ndoa cha bibi, na bibi mwenyewe alinipa mkungu wa ndizi nimpelekee paroko, nikaubeba kwenye bodaboda. Nilikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi, meza moja dirisha moja, katibu wa parokia akaniletea kitabu akakiweka taratibu kama unavyoweka mtoto aliyelala. Kikubwa, jalada gumu jeusi, mgongo umeshonwa upya na uzi wa katani, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa kona ya chini. Harufu ni kama ya kahawa iliyokaa ghalani muda mrefu.

Ni Kilatini chote. Usiogope, maneno yanajirudia, ukishajua kumi umemaliza. Kuna namba, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kubatizwa, jina, "filia" ni binti wa, "filius" ni mwana wa, halafu baba na mama, halafu msimamizi, halafu sahihi ya padre. Pembeni kuna nafasi wameacha, na hiyo pembeni ndo dhahabu, maana Roma iliagiza kuanzia 1908 kwamba mtu akifunga ndoa, hata kama ni parokia nyingine, ndoa yake iandikwe pale pembeni ya ubatizo wake. Kwahiyo mstari mmoja unamfuata mtu maisha yake yote, alibatizwa lini, alipata kipaimara lini, aliolewa wapi na nani, na kama kuna msalaba mdogo umechorwa basi amekufa na tarehe yake ipo.

Namba ya bibi nikaiona ndani ya dakika kumi. Amezaliwa 9 Aprili 1935, amebatizwa siku tatu baadaye. Sio 1932. Nikatulia kidogo pale, nikarudia kusoma mwaka kwa kidole. Afu jina la mama: Anastasia, na mbele yake kwenye mabano namba nyingine, 2113. Padre aliyeandika siku hiyo, Mungu ampumzishe, alijisumbua kuandika namba ya ubatizo ya mama.

Hapa niseme jambo moja kuhusu tahajia kwa sababu nilipoteza nusu siku. Wale mapadre walikuwa wanaandika walichosikia, na mwingine amesikia L mwingine R, majina yetu ya Rwe na Ru unayakuta Lue na Lu, mtu mmoja anakuwa na sura tatu kwenye kitabu kimoja. Na majina ya ubatizo yanafanana balaa, kwenye kile kitabu kimoja nilihesabu Anastasia kumi na nne. Bila namba ningechukua bibi mzaa mama wa watu wengine nikampeleka nyumbani. Kwahiyo usishike jina peke yake. Shika jina pamoja na msimamizi, na kigango, yaani kanisa dogo chini ya parokia, na tarehe ya ndoa, vikikubaliana vyote ndo umshike huyo.

2113 ilikuwa kwenye kitabu kilichotangulia. Tarehe 22 Mei 1926, mkesha wa Pentekoste, siku hiyo wamebatizwa watu wengi, kurasa na kurasa, mwandiko mmoja unaanza umenyooka na kadiri unavyoshuka unalegea, unaona kabisa padre mkono umechoka. Na pale katikati: Anastasia, mtu mzima, miaka kama kumi na sita. Baba yake ameandikwa mpagani, lakini jina lake lipo lote, na ukoo upo. Mama yake pia yupo! Jina la kikwetu, la mwanamke aliyezaliwa kabla hata ya Wajerumani kujenga boma Bukoba, nimeliona kwa wino. Sitaliandika hapa, ni la kwetu, lakini nililitamka kwa sauti pale chumbani na katibu akageuka akaniangalia. Halafu akaniambia hilo jina halitoki huku, hilo ni jina la kule ziwani. Ng'ambo kule.

Mmisionari alimwita mpagani, sawa, lakini yeye ndo amemtunza. Wazee wetu wanaojua majina nane ya wanaume hawakuwa na huyu mama hata mmoja. Nalisema hili kwa heshima zote kwa wazee, na linaniuma. Ubatizo ulitaka mama aandikwe kwa sababu Kanisa lilitaka kujua ndoa na udugu, hawakufanya kwa ajili yangu, lakini ndipo alipobaki.

Pembeni ya Anastasia ndoa imeandikwa, 1928. Sasa hapa nikajiuliza, ameolewa 1928, bibi amezaliwa 1935, na bibi siku zote tunajua ndo kifungua mimba, hata jina lake la kikwetu linaitwa hivyo na ndo maana wadogo zake walikuwa wanampigia magoti. Miaka saba katikati kuna nini? Nikamwomba katibu anirudishie kile kitabu chenye ubatizo wa bibi nikaanza kufunua ukurasa kwa ukurasa, mstari kwa mstari, natafuta namba 2113 tu kwenye safu ya mama. Jua likazama, wakaniwashia taa.

1930, mtoto wa kike. Amebatizwa na katekista, nyumbani, kwenye hatari ya kufa. Msalaba mdogo, siku ileile.

1932, mtoto wa kiume. Huyu alibatizwa kanisani vizuri, ana msimamizi, ana kila kitu. Msalaba, miezi minane baadaye.

Miaka ya mwanzo ya 1930 ndo nzige walivamia Afrika Mashariki. Mtoto wa nzige alikuwepo kweli. Mama yake alipokuwa anamtaja, bibi alikuwa mtoto mdogo anasikiliza, akafikiri anasemwa yeye, na akakaa na mwaka wa kaka yake miaka karibu tisini mpaka ukaingia kwenye kitambulisho. Ndivyo ninavyoamini mimi na sioni maelezo mengine.

Nilikaa siku mbili kabla ya kumwambia. Mama yangu alisema usimwambie mzee mambo ya vifo vya zamani, utamtia homa. Shangazi akasema ni haki yake. Nilimwambia asubuhi, tumekaa jikoni anachambua maharage. Hakulia. Aliacha kuchambua, akashika ungo na mikono yote miwili, akauliza, wa kike ndo wa kwanza? Nikamwambia ndiyo. Akasema basi ndo maana. Nikasubiri aendelee, akasema mama yake alikuwa kila mwaka kuna siku hali chakula na anakaa mwisho wa kibanja kwenye ule mti wa mubirizi, na watoto walikuwa wanakatazwa kucheza pale, hawakuambiwa kwa nini. Akanyanyuka tukaenda wote. Mti haupo siku nyingi, sasa hivi kuna migomba na kahawa mbili, lakini alisimama mahali bila kubabaika, akaniambia ni hapa.

Kwa mwenye nia ya kuanza, usisubiri, anza na mzee aliye hai na kila karatasi ya kanisa aliyonayo, cheti cha ndoa, kadi ya ubatizo ya zamani hata kama imechanika. Omba ruhusa kabla hujatoa simu kupiga picha, vile vitabu vina siri za watu wengine pia, mimi nilinakili kwa peni mistari ya kwetu tu. Kama kitabu cha parokia kimeliwa au kimeungua ulizia jimboni, maana sheria ya Kanisa ya 1917 ilitaka nakala ipelekwe kwa askofu kila mwisho wa mwaka, na pengine zilipelekwa kweli. Wenzetu Walutheri wa Bukoba mlioingia kupitia misheni ya Betheli kuanzia 1910, nyaraka za misheni ile zimehifadhiwa Wuppertal, Ujerumani. Na vitabu vyenyewe jamani vinakufa. Nimeona kwa macho kurasa ambazo ukizishika zinabaki vidoleni. Vijana wenye skana na nia njema, ongeeni na maaskofu wenu.

Mimi bado naendelea, natafuta sasa huyo mama wa Anastazia kule ziwani, kuna kigango cha zamani nimeelekezwa, nitaenda shule zikifungwa.

Novemba iliyofuata, zile siku za kuandika majina ya marehemu kwenye bahasha kwa ajili ya misa ya tarehe 2, bibi aliniita nimwandikie kwa sababu macho yake hayaoni vizuri. Akanitajia wote kama kila mwaka, mume wake, wazazi, wanawe wawili. Halafu akasema ongeza ndugu zangu. Nikamuuliza niandike kwa Kiswahili au walivyoandika mapadre. Akafikiri kidogo, akasema andika kama ilivyo kwenye kitabu, na uanze na yule dada, yeye ndo mkubwa.