Marobota mangapi ya majani makavu kwa ng'ombe wawili?

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga ng'ombe wa maziwa, hapa Pemba karibu na Wete, akiba ya majani ilinimalizikia katikati ya Februari. Jua la kaskazi lilikuwa limeshaunguza bonde zima, na mie nazunguka na baiskeli mpaka Konde kutafuta migomba iliyoanguka. Ng'ombe mkubwa alishuka kutoka lita 8 za maziwa hadi 3.

Kosa langu ni kwamba nilihesabu kwa mizigo. Nilimuuliza ami yangu, aliyefuga tangu mie sijazaliwa, akanijibu: "Wawili hao? Mizigo miwili kwa siku, mwanangu." Kwake yeye hakukosea. Lakini mzigo wa ami na mzigo wa kijana ninayemlipa anikatie si kitu kimoja. Nilipokuja kuining'iniza kwenye mizani tunayopimia karafuu, wa ami ulikuwa kilo 41, wa kijana 26.

Mwaka wa pili nikaanza na ng'ombe wenyewe. Bwana mifugo alinionesha kuwapima kwa utepe wa fundi cherehani: mzunguko wa kifua, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, unauzidisha kwa wenyewe, unauzidisha tena kwa urefu wa kutoka begani hadi mwisho wa tako, vyote kwa sentimita, kisha unagawa kwa 10,840. Mkubwa alitoka 165 kwa 140, yaani kilo 350 na kitu. Wa pili, mtamba ambaye hajazaa bado, alikataa kusimama, tukampima mara tatu, tukaridhika na kilo 290. Jumla 640.

Ng'ombe hula kwa siku chakula kikavu cha kama asilimia 2.5 ya uzito wake. Anayekamuliwa sana huzidi hapo. Kwa hawa wawili ni kilo 16. Kikavu maana yake umeshatoa maji, na majani ya tembo, yale marefu ya malisho ninayowakatia, yakiwa mabichi yana maji kama asilimia 80. Kwa hiyo kilo 16 hizo ni kilo 80 za majani mabichi. Nikacheka peke yangu: ndiyo mizigo miwili ya ami! Majani ya kuanika nayo hubakiza unyevu kidogo, nikaandika kilo 18 kwa siku.

Mara 365 nikapata kilo 6,570. Banda langu lote halibebi hata nusu yake, na kwa siku mbili tatu niliona bora nimuuze mtamba. Kumbe nani Pemba anahitaji majani makavu mwezi wa Mei? Masika yakishakolea kazi ni kuyawahi majani tu, na vuli nayo husaidia. Nikahesabu siku za ukame peke yake: kuanzia Januari hadi katikati ya Machi, siku 74. Agosti na Septemba majani yapo ila hayatoshi, nikazihesabu nusu, siku 30. Nikafanya 105. Hizo ni kilo 1,890, nikaongeza asilimia 15 ya yale watakayoyakanyaga na yatakayooza, ikawa karibu 2,170.

Kufunga nilitumia sanduku la mbao lisilo na kitako, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Unatandika kamba, unajaza, unapanda juu kukanyaga, unafunga. Nilipima marobota kumi, wastani ukawa kilo 15. Kwa hiyo nilihitaji marobota 145.

Kuanika ndiko kulikonitoa jasho. Mwaka wa kwanza nilirundika mabua ya mpunga sakafuni yakiwa bado na unyevu, theluthi nzima ikaota ukungu. Safari hii niliyakata majani kabla hayajakomaa, nikayaanika Julai, nikayapanga juu ya boriti, mbali na ukuta. Kipimo changu ni kile cha karafuu: ukikunja kikonyo kikavunjika, tayari. Mama alinikatalia majamvi yake. "Karafuu zangu zije zinuke ng'ombe?" Na karafuu zenyewe zilipoiva, kijana wangu wa majani akaenda kuchuma, ikabidi nimwongeze ujira ndipo akarudi alasiri.

Mabua ya mpunga bado ninayo kama thumuni ya akiba, ila ni ya kujaza tumbo tu. Huyachanganya na majani ya gilisidia, mti wa malisho ulioko uani. Mwanzo walikataa harufu yake. Nikawa naikata jioni, inalala inyauke, asubuhi wanaila.

Mvua za masika zilipoanza mwaka huu banda lilikuwa limebaki na marobota 11. Saba alichukua ami, na alikuja na mizani.