Damu ya pua kwa mtumiaji wa warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda): kilichoikomesha

Kosa lilikuwa kuinua kichwa. Damu ikawa inashukia kooni. Kilichofaa: kuketi wima, kuinama mbele, kubana sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, dakika 15 kamili ukitazama saa, bila kuachia ili kuchungulia. Ukiachia mapema donge hung'oka, na kwa warfarini damu huchelewa kuganda tena. Pumulia mdomo, tema damu.

Isirudi: feni isikupige usoni usiku, paka mafuta ya mgando kidogo puani, tia matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa (ya kisima cha Mombasa, hapana!). Epuka ibuprofeni (dawa ya maumivu). Usijiachishe warfarini, kapime INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda). Ikipita dakika 30, au ikimwagika, nenda hospitali; kwa Mombasa, Hospitali Kuu ya Pwani.