Nguvu ya Songhai Ilikuwa Mtoni

Wengi wetu tuliosoma historia katika shule za hapa Tanga tulifundishwa kuimaliza habari ya Songhai, dola kubwa ya zamani ya Afrika Magharibi, kwa sentensi moja: Wamoroko walikuja na bunduki mwaka 1591, dola ikaanguka. Sentensi hiyo si ya uongo, lakini inaacha nje jambo ambalo mtu wa pwani angepaswa kuliuliza kabla ya mengine yote, nalo ni vyombo vya majini. Dola ile ilikua kwa kufuata Mto Niger, na ninaamini kwamba asiyeanza na mitumbwi yake hataelewa iliwezaje kushinda, wala kwa nini haikumalizika siku ile iliposhindwa.

Sunni Ali, aliyeitawala Songhai kuanzia 1464 hadi 1492, alikuwa na wapanda farasi kama majirani zake wa Mali na wa nchi za Wamossi. Farasi, hata hivyo, walikuwa mali ya gharama kubwa, wengi wao wakiletwa kutoka kaskazini kwa kuvuka jangwa, na kadiri jeshi liliposhuka kusini ndivyo mbung'o walivyowaua. Wafugaji wa upande wa Saadani hawahitaji kuelezwa zaidi. Alichowazidi wengine ni Wasorko, wavuvi na manahodha wa Niger, ambao walivusha askari wake na kupeleka nafaka mahali ambapo msafara wa nchi kavu ungechelewa. Vyombo vya mto ule viliundwa kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba, kama mitepe ya pwani yetu ilivyoshonwa kwa kamba za makumbi. Mkuu wa vyombo hivyo, aliyeitwa hi-koy, alihesabiwa miongoni mwa wakubwa wa dola.

Sunni Ali aliiteka Timbuktu mwaka 1468, kisha akaigeukia Djenné, mji ambao msimu wa mafuriko huzungukwa na maji pande zote hata ukawa kisiwa. Mapokeo yanasema aliuzingira kwa miaka saba, miezi saba na siku saba, mpaka njaa ikawalazimisha wenyeji kusalimu amri. Mtawala wao alikuwa kijana mdogo, na Sunni Ali, ambaye wanazuoni wa Timbuktu walimwandika kuwa dhalimu mkubwa, alimketisha kando yake kwenye zulia lake mwenyewe, kisha akamwoa mama wa kijana huyo. Baadaye akaanza kuchimba mfereji kutoka Ras el Ma kuelekea Walata, mji ulioko jangwani kabisa, ili mitumbwi imfikishe huko. Mashambulizi ya Wamossi yakamlazimisha kuiacha kazi hiyo. Kwangu mimi mfereji huo unaeleza fikra zake za kivita kuliko ushindi wake wowote.

Askia Muhammad, aliyenyakua ufalme mwaka 1493, na ambaye cheo chake cha Askia kilichukuliwa na wafalme waliomfuata, aliipanua dola hadi kwenye machimbo ya chumvi ya Taghaza na nchi ya Aïr, jangwani, na huko vyombo havikuweza kumfuata. Kufikia mwaka 1588 wajukuu zake walikuwa wakipigana wao kwa wao, jeshi la Timbuktu likiandamana dhidi ya Gao, mji mkuu wa dola. Wakati huohuo Idris Alauma, mfalme wa Bornu upande wa mashariki, alikuwa na wapiga bunduki waliofunzwa na Waturuki. Songhai haikuwa nao, na hilo lilikuwa kosa la watawala, si la askari.

Judar Pasha, jemadari wa Wamoroko aliyezaliwa Hispania, alifika Niger na watu wapatao 4,000, wengi wao wakiwa na bunduki. Huko Tondibi, kaskazini ya Gao, Askia Ishaq II alimkabili uwandani, nchi kavu, Machi 1591, akiwa na maelfu mengi zaidi ya watu, na milio ya bunduki ikalivunja jeshi lake. Wapo askari wa miguu waliokaa juu ya ngao zao wakakataa kukimbia, kwa kuwa haikuwa desturi yao. Wamoroko wakawaua palepale walipoketi na kuwavua bangili za dhahabu mikononi.

Lakini Judar alipoingia Gao aliikuta karibu tupu, kwa sababu watu walikuwa wameshavuka mto. Mahmud Pasha, aliyekuja kushika nafasi yake, alikwama Timbuktu kwa kuwa msimamizi wa bandari alikuwa ametoroka na vyombo vyote. Ikambidi akate miti mikubwa ya mji na kung'oa mbao za milango ya nyumba ili aunde mashua mbili za kuwafuatia. Jeshi lililovuka Sahara likiwa na baruti halikuwa na njia ya kuvuka mto. Askia Nuh akajikusanya upande wa chini wa mto, huko Dendi, akapigana nao kwa miaka, na nchi hiyo Wamoroko hawakuiteka kamwe.